Gari la fahari la dizeli: hesabu ya kufanya kabla hujasaini

Somo la leo linahusu gari, na si gari lolote. Ni lile kubwa la juu, la siti saba, injini ya dizeli, viti vya ngozi na nembo ya heshima mbele. Wengi wetu tunaoishi Uingereza, tukishafikisha watoto watatu, tunaanza kulitupia jicho. Kwenye matangazo ya magari yaliyotumika bei yake inashawishi: lililouzwa jipya kwa pauni 50,000 unalikuta leo kwa pauni 11,000. Unajiambia, mbona hili naliweza?

Nitakuonyesha hesabu yake kwa kutumia gari letu wenyewe. Siandiki lilikuwa la kampuni gani, maana yaliyotupata yanaweza kukupata kwenye gari la kampuni yoyote la aina hiyo. Kama huna muda wa kusoma yote, shika haya mawili. La kwanza: gari kuukuu la fahari lina bei ya gari kuukuu, lakini matunzo yake ni ya gari la pauni 50,000. La pili: dizeli ni mashine ya safari ndefu. Ukiipa maisha ya safari fupi, inaugua, na matibabu yake yanatoka kwenye fedha ya nyumbani.

1. Tulivyolinunua

Tunaishi Barking, mashariki mwa London. Mimi nafanya kazi kwenye ghala Dagenham, mama watoto yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee Romford. Watoto ni watatu, na mwaka 2023 wawili walikuwa bado wanakalia viti vya watoto. Gari letu la zamani, dogo la petroli, nyuma walikuwa wanabanana hadi mmoja lazima alie.

Wakati huohuo tulikuwa tunajenga Kihonda, Morogoro. Nyumba ndogo tu, ya mama yangu, ambaye alikuwa amepanga chumba. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Kila mwezi tulituma pauni 300 za ujenzi na pauni 100 za matumizi yake. Benki tulikuwa na pauni 4,000 tulizotenga kwa ajili ya mbao na mabati. Lengo lilikuwa kupaua kabla ya masika ya 2024.

Machi 2023 tukaliona gari. La mwaka 2014, dizeli, injini ya lita 3, siti saba, jeusi. Pauni 11,000. Mwenzangu aliuliza swali moja tu pale uwanjani kwa muuzaji: "Matairi yake bei gani?" Nikamjibu kwamba yaliyopo bado mazuri. Lile swali lilikuwa ndilo somo lote, ila mimi sikulisikia.

Tukachukua zile 4,000 za mabati, tukakopa 7,000. Mkopo wa miezi 36, pauni 230 kwa mwezi, jumla ya kulipa 8,280. Zile 4,000 tulisema tutazirudisha ndani ya miezi sita. Nani hajawahi kusema hivyo?

2. Hesabu tuliyoifanya, na hesabu iliyotukuta

Kabla ya kununua nilikaa mezani na kalamu. Nikaandika: mkopo 230, bima 120, mafuta 130. Jumla pauni 480 kwa mwezi. Nikalinganisha na mishahara yetu, nikaona tunapumua. Kosa langu halikuwa kwenye kujumlisha. Kosa lilikuwa kwenye vitu ambavyo sikuviandika kabisa.

Hivi ndivyo mwaka wa kwanza ulivyokwenda upande wa gereji:

- Matairi manne. Rimu ni kubwa na matairi yake si yale ya kawaida: pauni 860.
- Diski na pedi za breki za mbele. Gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili, breki zinakwisha haraka: 480.
- Kompresa ya saspensheni ya hewa. Asubuhi moja tulilikuta limelala upande kama ngamia: 740.
- Kupima na kusafisha kichujio cha masizi: 320.
- Kichujio kipya, baada ya kusafisha kushindikana: 1,650.
- Sevisi na oili ya injini: 340.
- Ukaguzi wa MOT: 55.

Jumla ni pauni 4,445. Gawa kwa miezi 12, unapata 370 kwa mwezi. Ongeza kodi ya barabara, kwetu kama 32 kwa mwezi. Ile 480 tayari imekuwa 882, na bado hatujafika kwenye kubwa.

Kubwa ni ULEZ, ule ukanda wa London wa kutoza magari yanayochafua hewa. Ulianza katikati ya jiji Aprili 2019, ukapanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 ukafunika mitaa yote ya London, na Barking yetu ndani yake. Kwa dizeli, gari lazima lifikie kiwango cha Euro 6. Letu lilikuwa Euro 5. Usipofikia kiwango unalipa pauni 12.50 kwa kila siku unayoliendesha, saa 24, siku zote za mwaka isipokuwa Krismasi. Oktoba ile tulilitoa siku 22. Piga: 22 mara 12.50 ni pauni 275.

Kwa hiyo mwezi mmoja wa kawaida wa gari lile ulifika pauni 1,157. Mimi niliandika 480.

Upanuzi ule haukuwa siri. Ulitangazwa mapema, na uwanja mzima wa wauza magari ulijua kwamba ikifika Agosti dizeli za Euro 5 zitakuwa mzigo kwa mtu wa London. Ndiyo maana bei ilikuwa tamu. Ukikuta gari la fahari lina bei ya huruma, usiulize "nitalipataje", uliza "mwenye nalo analikimbia kwa nini".

Zingatia jambo moja hapo. Mafuta siyo yaliyotuumiza. Kwa mwaka tulitembea kama maili 6,000. Gari lilitupa maili 25 kwa galoni mjini, yaani galoni 240, sawa na lita 1,091 hivi. Kwa dizeli ya pauni 1.45 kwa lita hiyo ni 1,582 kwa mwaka, 132 kwa mwezi, karibu kabisa na nilichoandika. Watu wengi wakipiga hesabu ya gari wanapiga ya mafuta, kwa sababu mafuta unayalipa mwenyewe kila wiki, unayaona. Kinachobomoa ni vile vinavyokuja mara moja moja, vyenye tarakimu tatu au nne.

3. Kwa nini dizeli inaugua mjini

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ukielewa hili utajua kama gari hilo linakufaa au halikufai hata kabla ya kwenda kuliona.

Injini ya dizeli inatoa masizi. Ili yasitoke hewani, kwenye ekzosi kuna kichujio, mafundi wanakiita DPF. Magari mapya yote ya dizeli Ulaya yanacho tangu kiwango cha Euro 5, kati ya 2009 na 2011. Kichujio kinakusanya masizi kama chujio la chai linavyokusanya majani. Likijaa, lazima lisafishwe, na gari linajisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi ndani kwa ndani. Ila ili yaungue, ekzosi inatakiwa iwe ya moto sana, kama nyuzi 600.

Ukiwa barabara kuu, M1 au M25, mwendo wa maili 60 kwa saa bila kusimama, moto huo unapatikana na masizi yanaungua bila wewe kujua. Mjini haupatikani. Hapo kompyuta ya gari inaongeza dizeli kidogo ili kupandisha joto, na kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 gari likiwa linatembea. Sasa angalia maisha yetu: shule maili moja na nusu, ghala maili nne, duka maili mbili. Kila gari lilipoanza kuchoma, sisi tulikuwa tumefika, tunazima. Likaanza tena kesho, tukazima tena. Masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada isiyoungua inateremka kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi. Oili nyepesi hailindi injini wala taboo, yaani ile pampu ya upepo inayoipa injini nguvu. Kwa hiyo ugonjwa wa kichujio ukiachwa unaweza kuwa ugonjwa wa injini.

Dalili zipo, ila nilizidharau. Feni inavuma hata baada ya kuzima. Injini ikiwa imesimama inazunguka juu kuliko kawaida. Mafuta yanakwisha haraka. Halafu taa ya njano kwenye dashibodi. Mimi ile taa niliiona Juni, nikaipeleka gereji Septemba. Fundi akaniambia, "Kaka, ungekuja mapema ungelipa kidogo." Ilipowaka tu, pengine ningehitaji kuchukua A13 na kuendesha nusu saa. Miezi mitatu baadaye nililipa 320, halafu 1,650.

Fundi mwingine alinishauri tukate kichujio, tutoboe, tufute na kwenye kompyuta. Pauni 300 tu, limekwisha. Ndugu yangu, usikubali. Tangu Februari 2014 mkaguzi wa MOT anatakiwa kulifelisha gari ambalo liliundwa na kichujio na sasa halina. Kuliendesha barabarani ni kosa, faini inafika pauni 1,000. Na bima unaiweka mahali pabaya, kwa sababu umebadilisha gari bila kuwaambia. Sisi ambao makaratasi yetu yote yanategemea kukaa vizuri na sheria, hatuna nafasi ya mchezo huo.

4. Picha moja na simu kumi

Kuna gharama nyingine ambayo haipo kwenye ankara yoyote. Siku ya kwanza tulipiga picha mbele ya gari, familia nzima, tukaiweka kwenye WhatsApp. Tulifurahi, na sikatai, furaha ile ilikuwa ya haki. Watu wamefanya shifti za usiku miaka minane.

Ila picha ile ilisafiri kuliko sisi. Wiki hiyohiyo simu zilianza. Ada ya mtoto wa binamu. Mchango wa harusi, na kiwango safari hii nimepangiwa. Shemeji anataka mtaji wa bodaboda. Nikisema mwezi huu sina, nasikia upande wa pili kimya kile cha mtu aliyeiona picha. Huwezi kumwambia mtu kwamba gari lile ni la benki, na kwamba kila linapotoka getini linalipa 12.50.

Mama yangu hakuomba kitu. Nilimpigia Novemba, nikamwamkia, akaitikia, tukaongea habari za wajukuu. Mwisho akasema, "Gari lenu nimeliona mwanangu. Hongereni. Na bati je?"

Sikuwa na jibu. Tangu Septemba pauni 300 za ujenzi tulikuwa hatujazituma hata mara moja. Pauni 100 zake tulizituma, ila mwezi mmoja zilikuwa 60. Masika ya 2024 yalizinyeshea kuta zile zikiwa wazi, na yeye akamaliza mwaka mwingine kwenye chumba cha kupanga.

5. Tulivyotoka

Machi 2024 tuliliuza kwa mtu anayeishi nje ya London, ambaye ULEZ haimhusu na kila siku yuko barabara kuu. Pauni 5,200. Benki ikataka 4,980 kufunga mkopo. Tulibaki na pauni 220 mkononi, kutoka kwenye zile 4,000 za mabati.

Tukanunua gari la petroli la siti saba, la kawaida, nembo ambayo hakuna mtu anayegeuka kuitazama. Petroli inayofikia Euro 4 inaruhusiwa ULEZ bila malipo, na kiwango hicho kimekuwapo kwa magari mapya tangu karibu 2006, kwa hiyo chaguo ni pana na bei ni za kawaida. Mafuta, bima, kodi na akiba ya matengenezo vyote pamoja haviendi mbali na pauni 300 kwa mwezi. Watoto wanaenea. Hakuna anayelia.

6. Je, gari la dizeli la aina hii halifai kabisa?

Hapana, sisemi hivyo, na nisingekutendea haki. Linafaa sana kwa mtu ambaye maisha yake yanafanana nalo.

Jamaa yetu anaishi Milton Keynes, kazi yake iko mbali, kila siku anakula M1 zaidi ya maili 30 kwenda na zaidi ya 30 kurudi. Kwa mwaka anatembea maili 20,000. Ana watoto watano. Gari lake ni dizeli ya Euro 6 na linampa maili 38 kwa galoni: kwa mwaka ni lita 2,393, kama pauni 3,470 kwa bei ya 1.45. Gari la ukubwa uleule la petroli lingempa labda maili 26, lita 3,497, na kwa petroli ya 1.38 angelipa kama 4,825. Anaokoa zaidi ya pauni 1,300 kila mwaka, na kichujio chake hakijawahi kumsumbua, kwa sababu kinachomwa kila asubuhi na kila jioni.

Dizeli pia ina nguvu ya kuvuta. Mengi ya magari haya makubwa yanaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500. Kama una biashara ya kubeba mizigo wikiendi, au familia kubwa inayosafiri kwenda Glasgow kila likizo, hapo gari linafanya kazi liliyoumbiwa. Swali si kama ni zuri. Swali ni kama njia zako za kila siku ni zake.

7. Ukishalinunua, liendeshe hivi

Kwa wale ambao tayari wanalo, haya yatakupunguzia maumivu:

- Angalau mara moja kwa wiki au wiki mbili, lipeleke barabara kuu dakika 20 hadi 30, mwendo wa kasi moja ndani ya sheria, injini ikizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika.
- Ukisikia feni inavuma na injini iko juu, usizime hapohapo. Zungusha mtaa mmoja au miwili limalize kujisafisha.
- Usikae na tangi karibu tupu. Magari mengi hayaanzi kujisafisha mafuta yakiwa chini sana.
- Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ile ya magari yenye kichujio. Oili nyingine inaacha majivu ambayo hayaungui kamwe.
- Kama unatembea mjini zaidi, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ukiona kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, nenda gereji.
- Magari mengi ya Euro 6 yana tangi la pili la AdBlue, maji yenye urea ya kupunguza sumu kwenye moshi. Gari linakuonya mapema. Likikauka kabisa, ukizima haliwaki tena mpaka uongeze. Usilimimine kwenye tangi la dizeli hata siku moja.
- Pampu ya petroli mdomo wake ni mwembamba, unaingia kirahisi kwenye tangi la dizeli. Ukikosea, usiwashe gari kabisa, hata kulisogeza. Likinyonywa kabla ya kuwashwa, gharama ni ndogo. Likiwashwa, unaweza kuharibu mfumo mzima wa mafuta.

8. Kabla ya kusaini

Kazi hii inachukua jioni moja, na mengi yake hayana malipo. Chukua namba ya gari kwenye tangazo, kaa na mwenzako mezani.

Kwanza, ingiza namba kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT. Ni bure. Utaona lilifeli nini miaka iliyopita, na maili zake zilivyopanda. Gari la dizeli lenye maili chache sana kila mwaka ni la mjini, kichujio chake kimechoka.

Pili, ingiza namba kwenye ukurasa wa ULEZ, hata kama huishi London. Birmingham wanatoza pauni 8 kwa siku tangu Juni 2021, Bristol pauni 9 tangu Novemba 2022, na kiwango cha dizeli ni kilekile cha Euro 6. Usipolipa, barua ya ULEZ inakuja na pauni 180, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14.

Tatu, angalia kodi ya barabara. Magari yaliyosajiliwa kabla ya Aprili 2017 hulipa kwa kiasi cha hewa chafu, na mengine makubwa yanafika zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. Yaliyosajiliwa baadaye, kama bei yake likiwa jipya ilizidi pauni 40,000, yana nyongeza kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili. Kuanzia Aprili 2025 nyongeza hiyo ilikuwa pauni 425, juu ya kodi ya kawaida ya 195. Wewe umelinunua la mtumba kwa bei ndogo, lakini kodi inaangalia bei ya mwenye mali wa kwanza.

Nne, omba bei ya bima kwa namba hiyohiyo kabla ya kuweka amana. Baadhi ya magari haya yanaibwa sana na bima inajua.

Tano, swali la mama watoto: piga simu duka la matairi, uliza manne bei gani. Bei hiyo inakupa picha ya spea nyingine zote.

Na kama unajiambia "nikichoka nalo nitalipeleka nyumbani", hesabu na hilo. Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inapokea, lakini juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uzee. Mafuta nayo ni tofauti: Ulaya dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2009, wakati Afrika Mashariki ilishusha hadi 50 mwaka 2015, na mifumo hii ya Euro 6 imeundwa kwa ile ya 10. Ongea na wakala wa forodha kwanza, siyo na mtu wa meli.

Ndugu zetu wa Muscat, Doha na Dubai, ninyi magari yenu makubwa mengi ni ya petroli na hakuna ULEZ. Lakini lile la kwanza linawahusu vilevile: la fahari la mtumba linanunuliwa kwa bei moja na kutengenezwa kwa bei nyingine.

9. Zoezi la miezi mitatu

Hili ndilo zoezi ninalotamani tungelifanya. Andika gharama zote za gari unalolitaka kwa mwezi: mkopo, bima, kodi, mafuta, tozo za barabarani, na matengenezo yasiyopungua pauni 250 kama ni la fahari na limevuka miaka saba. Toa gharama za gari ulilonalo sasa. Tofauti inayobaki, iweke kwenye akaunti ya pembeni kila siku ya mshahara, kwa miezi mitatu, kama vile gari umeshalinunua. Fedha ya nyumbani iendelee kutoka siku ileile, kiasi kilekile.

Baada ya miezi mitatu jibu maswali manne, wewe na mwenzako, kila mmoja kwenye karatasi yake:

1. Je, kuna mwezi tulipunguza au tulichelewesha fedha ya nyumbani?
2. Je, tuligusa akaunti ile ya pembeni?
3. Kwa wiki, ni siku ngapi tunaendesha zaidi ya maili 15 bila kusimama?
4. Kama hakuna mtu angeliona gari hili, bado tungelitaka?

Majibu yakiwa mazuri, nenda kalinunue kwa amani, na akaunti ile ndiyo mfuko wako wa kwanza wa matengenezo. Yakiwa mabaya, hujapoteza kitu. Una akiba ya miezi mitatu na gari lako la zamani bado liko nje.

Sisi tulipomaliza zoezi, kwa kuchelewa, tulikuwa na fedha ya mbao. Mabati yalifuata. Nyumba ya Kihonda ilipauliwa Novemba 2024, na mama alihamia Januari, sakafu ikiwa bado ya zege. Alinitumia picha ya paa. Ile nayo tuliiweka WhatsApp.

Tukutane somo lijalo. Mwenye swali kuhusu hesabu yake, aandike namba zake zote, siyo zile tatu za mwanzo tu.